Mkongo Mmoja Mkubwa

Nzige walipokuja, mimi nilikuwa wa kuchunga mbuzi, na ninachokumbuka zaidi ni mlio wao. Watu wakisimulia habari za nzige husema jua lilizibwa. Ni kweli lilizibwa, lakini jua hata wingu hulizima. Mlio ndio sijausahau. Shamba zima la mtama lilitafunwa kwa pamoja, krrr, krrr, bila kupumzika, kama kuna mtu mmoja mkubwa anakula na hataki kusemeshwa. Mama alipiga debe mpaka likabonyea. Baba mdogo aliwasha moto pembeni mwa shamba, moshi ukaturudia wenyewe machoni. Jioni tuliwaokota walioanguka, tukawakaanga, tukawala, isipokuwa bibi. Bibi alisema, "Huyu tumboni ana shamba letu. Mkimla mnakula mbegu." Tukamcheka. Njaa ilipokuja yeye ndiye alitangulia, na waliochimba kaburi lake hawakuwa na nguvu za kulifikisha kina kinachotakiwa. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Baba akaenda Mufindi kwenye mashamba ya chai, na mimi nilipoota misuli nikamfuata. Chai haikunikubali. Nina vidole vinene, nilikuwa navunja hata kisichotakiwa kuvunjwa. Siku moja nikapita pembeni mwa msitu nikausikia tena mlio ule ule, krrr, krrr. Nikasimama nikatazama juu. Wanaume wawili waliokuwa wakipasua gogo juu ya shimo, mmoja juu na mmoja chini, wakacheka mpaka msumeno ukakwama.

"Unatafuta nini mbinguni, mnyalukolo?" akauliza yule wa juu, maana ndivyo walivyotuita sisi watu wa Iringa.

"Nzige," nikasema.

Huyo wa juu alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, jina lake Ambakisye, na toka siku hiyo aliniita Nzige mpaka uzee. Mwenzake wa chini alikuwa amechoka anataka kurudi kwao, nikashuka mimi shimoni mahali pake. Basi nikawa mpasua mbao. Ambakisye yuko juu anafuata mstari, mimi niko chini navuta, unga wa mbao unaniingia puani na shingoni. Na kwa njia ya mbao ndipo nikamjua Fundi.

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika. Iringa mjini watu walimwita Fundi tu, kama vile hakuna mwingine, ingawa Kalasinga wa mtaa wa juu alikuwa na mashine na vijana wengi. Karakana yake ilikuwa Mlandege, kibanda cha miti na bati, na mbele yake rundo la maranda ambalo kuku walilala humo. Alikuwa mfupi, bega moja limeshuka kwa sababu ya randa, na kidole cha shahada cha kushoto kilikuwa hakina ncha. Ukimuuliza ncha ilikwenda wapi alisema, "Mvule alikula. Nilimkosea adabu."

Tukimletea mbao hakutusalimu sisi kwanza, alisalimu mbao. Alipiga magoti, akaweka pua, akavuta pumzi ndefu, halafu akatoa ulimi akaonja ncha ya ubao. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. "Kamwene," aliuambia ubao. Ndipo akatugeukia, "Haya, na nyie kamweneni." Ambakisye alikuwa akininong'oneza, "Siku moja mke wake atamfumania na gogo."

Hapa nieleze jambo moja, maana bila hilo mengine hayataeleweka. Kiswahili sisi tulikiokota njiani. Nyumbani ni Kihehe, Kibena, Kisangu, kila mtu na lake, na Kiswahili ni cha sokoni na barazani kwa bwana shauri. Watu wa pwani walitucheka kwamba hatujui kutofautisha mtu na kitu, kila kitu kwetu ni yeye. Ni kweli. Lakini kwa Fundi lilizidi. Kwake kila mti ulikuwa mtu na alikuwa na neno juu yake. Mninga: "Huyu mke mwema, anavumilia." Mvule: "Huyu ana kisirani, ukimpasua anakukaba koo." Mpingo: "Huyu hana haja na wewe, wewe ndiye una haja naye." Mkaratusi hakutaka hata kuusikia. "Huyo mlevi. Jioni unamwacha wima, asubuhi unamkuta amepinda."

Mbao za kwetu alizifanyia kazi vizuri, lakini hazikumtia wazimu. Alichopenda ni mti wa mbali. Alikuwa na kikasha cha bati cha biskuti, ndani yake vipande vidogo vya miti ya nchi nyingine: kipande cha msaji kilichotoka kwenye kiti cha Mhindi kilichovunjika, kipande cheusi chenye mistari kama punda milia kutoka kwenye mpini wa kisu cha mkulima Mgiriki, kijiti cha msandali kilichokuwa bado kinanukia. Mchana akipumzika alivitoa kimoja kimoja akavisugua kwa jasho la shingo yake ili rangi itoke. Nikamuuliza mara moja, "Fundi, utatengeneza nini na hivyo?" Akaniangalia kwa huruma. "Wewe ukimwona mwanamke mzuri anapita njiani, huwa unauliza utamtengeneza nini?"

Makabati yake yalikuwa kwenye nyumba za Wazungu mpaka Sao Hill. Nyumbani kwake mlango ulikuwa wa madebe yaliyopigwa bapa. Mkewe aliweka nguo kwenye boksi la sabuni. Mama yule alikuwa na mdomo, Mungu amrehemu, akatuambia mbele ya mumewe, "Nimeolewa na seremala nalala kwenye kamba. Ningeolewa na mwuza samaki ningekula majani." Fundi alisema, "Subiri. Mti wako hajafika." Miaka yote ilikuwa hivyo, subiri.

Majeneza ya watoto aliyatengeneza kwa mninga bora, akayapiga msasa hata ndani, na hakutaka chochote kwa baba wa mtoto. "Mtoto hajamkosea mtu, hawezi kulazwa na mlevi." Watu walimpenda kwa hilo. Lakini mkono huo huo ulikuwa mzito kwa mwanawe. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki, Daudi, kijana mkubwa tayari wa kuoa, mpole mpaka unaona aibu kumpita bila kumsalimu. Daudi akikosea kukata kiungo, Fundi alimpiga na ubao ule ule aliouharibu. Ubao uliobaki aliupangusa vumbi taratibu. Daudi alikuwa anaokota msumeno anaanza tena.

Siku moja dereva wa lori, Mswahili wa Kilwa, alisimamisha gari pale Mlandege ubavu wake urekebishwe. Ndani ya lori alikuwa ameziba tundu kwa kipande cha mlango wa zamani wa kwao. Fundi alipokitoa akapiga randa mara moja tu kuona, halafu akaacha kila kitu. Chini ya uchafu ilitoka rangi kama ya chai kavu iliyotiwa asali, na ukiigeuza kwenye jua, asali inatembea.

"Huyu ni nani?" akauliza.

"Mkongo huo, mzee," dereva akajibu, akaomba maji ya kunywa, akapewa mbao mbili za mninga mahali pa kile kipande, akaondoka amefurahi.

Hicho hakikuingia kwenye kikasha cha bati. Fundi alikining'iniza ukutani mahali ambapo wengine huweka picha ya Bikira Maria. Na akawa na habari moja tu. Merikani ni nguo ya Marekani, au siyo? Basi mkongo ni mti wa Kongo. Kongo iko wapi? Unakwenda Mbeya, unakwenda Tunduma, unavuka Rodeshia, umefika. Vijana wa huku wanakwenda kila mwaka kwenye machimbo ya shaba.

Ambakisye, ambaye hakuna neno alilowahi kulimeza, akasema, "Fundi, na mninga alitoka nchi gani? Uninga?"

"Wewe kazi yako kupasua," Fundi akajibu. "Pasua."

Tungeweza kumuuliza mtu wa pwani. Walikuwepo sokoni, mwuza kahawa alikuwa Mmanyema amezunguka nchi nzima. Lakini mtu akishapenda kitu cha mbali hataki kuambiwa kiko karibu. Hakuuliza, na alipoona mtu mwingine anataka kuuliza alikasirika.

Daudi alikuwa anataka kuoa. Binti alikuwepo upande wa Tosamaganga, wazazi wamekubali. Fundi akasema kwanza aende Kongo, afanye kazi kidogo kwenye shaba kama wenzake, na arudi na mkongo, hata ubao mmoja apakie kwenye lori. Kabati la kwanza litakuwa la mama yake. Mama yake alisema hataki kabati. Hakusikilizwa.

Siku ya kuondoka tulikuwepo, tumeleta mbao. Fundi alimsimamisha kijana katikati ya karakana, akampa futi ya kukunja, ile yenye shaba kwenye maungio, ambayo hakuwahi kumwazima mtu. Akasema, "Kongo Kiswahili wanajua. Ukifika sokoni utasemaje?"

Daudi akasema, "Nataka mkongo."

"Mkongo wa namna gani? Watakupa matawi! Sema: nataka mkongo mmoja mkubwa, mnene, nimpasue."

"Nataka mkongo mmoja mkubwa, mnene, nimpasue."

"Sauti! Wewe ni mtoto wa fundi."

Akarudia kwa sauti. Sote tuliokuwepo tuliona sentensi imekaa vizuri. Ndivyo na sisi tungesema. Mama yake akamfunga blanketi begani, akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso kama wanavyofanya wakubwa kumbariki mtu wa safari. Kijana akaenda.

Fundi alitenga mahali ndani ya karakana, pembeni penye hewa na kivuli, mkongo ukija ukaukie hapo. Hakuna aliyeruhusiwa kuweka kitu. Mkewe akianika mihogo pale, aliitupa nje. Mvua zikaja zikapita, zikaja tena. Wenzake Daudi walioondoka naye walirudi na suruali mpya na mabaiskeli, wakasema yeye aliwaacha Rodeshia akavuka mbele, akisema anakwenda kwanza sokoni kumtafutia baba mti.

Sasa nafika mahali ambapo sipendi kufika.

Alikuja mtu mmoja ametoka Katanga, si wa mtaa wetu, Mbena wa Njombe, kofia imelala upande, anataka kitanda cha harusi. Ilikuwa mchana. Mimi na Ambakisye tulikuwa tumekaa juu ya mbao tunakula viazi. Mteja huyo alipenda kusikika. Akaanza kutupa vituko vya Kongo, bia yao, ngoma zao, wanawake wao. Halafu akasema, "Na ndugu zenu Wahehe watatuaibisha! Kuna mmoja alikuja sokoni, kijana mpole kabisa. Akasimama katikati ya kina mama wauza samaki, akapaza sauti kama padri: 'Nataka Mkongo mmoja mkubwa, mnene, nimpasue!'"

Ambakisye akacheka. Na mimi nilianza kucheka, kisha nikaweka kiazi chini.

"Mnaelewa? Wakongo wenyewe ndio hao wamekaa pale na samaki zao! Na wakati huo watu hawalali kwa hofu ya mumiani, kwamba kuna wageni wanakamata watu wanawatoa damu. Na yeye anazidi kueleza. Akatoa futi ya kukunja, akainyoosha, akamsogelea mama mmoja mnene amwonyeshe urefu anaotaka. Mama akapiga yowe. Basi, soko zima likainuka."

Fundi alikuwa anapiga randa ubao wa mninga. Hakuacha. Hakuinua kichwa.

"Wakamfanya nini?" akauliza.

"Ah, mzee, mumiani hufanywa nini?"

"Nimekuuliza wewe. Uliona nini?"

Yule mtu akapunguza kicheko kidogo. "Mimi nilikuwa mbali. Niliona mawe. Wengine walisema askari walimvuta akiwa bado anapumua wakampeleka. Wengine walisema hapakuwa na cha kupeleka. Mimi sikukaa, mzee, na mimi pia ni mgeni kule."

Randa ikaendelea. Ubao ulikuwa unene wa kidole, ukawa unene wa ngozi, mpaka ukaona mwanga unapita. Maranda yalimfika magotini. Kisha akasema, "Kitanda chako nitakifanya. Nenda." Mtu akaenda zake, hakujua alichokisema wala alimwambia nani. Fundi akatugeukia sisi wawili. "Mama yake asisikie. Hatujui kama amekufa." Ambakisye alikuwa analia waziwazi kama mtoto. Fundi hakulia. Alichukua ubao ule mwembamba akauweka juu ya nyingine, sawasawa, kingo kwa kingo.

Baada ya hapo aliendelea na kazi, na hilo lilikuwa baya zaidi kuliko kama angeacha. Mbao hakuzisalimu tena. Lakini kile kipande cha ukutani hakukiondoa. Nadhani alijiambia kwamba kama kijana yuko hai, basi yuko anautafuta mti, na kama anautafuta, mti uwepo. Bila mti huo wa mbali hapakuwa na sababu iliyobaki ya kumtuma.

Masika yaliyofuata tuliitwa Usangu, upande wa Ubaruku, na tajiri mmoja mwenye mashamba ya mpunga. Upepo ulikuwa umeangusha mti mkubwa kwenye makaburi ya wazee wa kijiji. Mti wa namna ile kwao haukatwi. Walitambikia chini yake, kila kijiji na wake, na kwa hiyo tangu kale hakuna mtu aliyewahi kuona ndani yake kukoje. Ulipoanguka wenyewe, wazee walifanya matambiko yao, wakasema sasa amejitoa, mnaweza kumpasua. Fundi akasema atakwenda nasi achague mbao. Tulishangaa, lakini tulimchukua. Tulifikiri hewa nyingine itamsaidia.

Mzee mwenye makaburi alikaa pembeni anatutazama. Gogo lilikuwa gumu, tulinoa msumeno mara nyingi. Nje lilikuwa na rangi ya majani makavu, halina sura. Ubao wa kwanza ulipoachia na kuanguka, mimi nilikuwa chini, unga machoni, sikuona kitu. Nilisikia tu kwamba juu kumenyamaza. Nikapanda. Ubao ulikuwa umelala juani, mwekundu wa chai na asali, na asali inatembea.

Fundi alikuwa amesimama juu yake.

"Huyu ni nani?" akamuuliza mzee.

"Mkola," mzee akasema. "Wale wa pwani wanaopita na malori wanasema mkongo. Ni huyu huyu."

"Wako wengi?"

"Tele. Ukishuka hapa kuelekea Ruaha utachoka kuwahesabu. Mizinga yetu ya nyuki si ndiyo imening'inia juu yao?" Akainama, akaokota ganda la mti lililopasuka, akalifungua. Ndani zilipangana mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja na kofia yake nyekundu. "Hizi hamjui? Kila mtoto mchanga anavaa shingoni, homa isimpate."

Tulizijua. Kila mtu toka Iringa mpaka Mbeya alizijua. Zilikuwa zinauzwa sokoni kwa mafungu. Mti wenyewe tuliupita porini maisha yetu yote, ila hatukuwa tumeuona ndani.

Ambakisye, ambaye hakuna neno alilowahi kulimeza, alilimeza siku ile. Fundi hakuonja ubao, hakuunusa. Aliomba maji akanawa mikono mpaka kwenye kiwiko, kama mtu aliyetoka kuzika, akasema, "Nyie malizieni," akatafuta lori la kurudi.

Alipofika nyumbani alimweleza mkewe yote: soko, futi, mawe, mti wa Ubaruku. Hili mama mwenyewe aliniambia, amekaa mlangoni pa kaka yake alikohamia. Hakulia akinisimulia. Alisema, "Mwanangu alikuwa na mbegu tatu shingoni, nilimvalisha mwenyewe hajaota hata jino. Nikamtuma duniani kuuliza habari za kitu nilichomvalisha." Nikamwambia, mama, si wewe uliyemtuma. Akasema, "Nilimfunga blanketi."

Fundi alifunga karakana. Ila kukifa mtoto alifungua, akatengeneza jeneza, akafunga tena.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Mbeya. Mimi na Ambakisye tulikuwa na kazi ya kupasua mbao huko mlimani, tukashuka siku ya soko kununua chumvi na mafuta ya msumeno. Pale malori ya Tunduma yanapopakia, nikamwona amekaa juu ya jiwe na kifurushi kidogo. Hakuwa na kifaa chochote cha kazi.

"Kamwene, Fundi."

"Kamwene, Nzige." Hakuwa amewahi kuniita hivyo. "Mwenzako yuko wapi?"

Ambakisye akaja na ndizi za kuchoma kwenye jani, tukakaa naye. Alikula vizuri, kama mtu mwenye njaa ya kawaida. Nikamuuliza anakwenda wapi, ingawa nilijua.

"Kuuliza," akasema. "Mtu huyo alisema wengine waliona anapumua. Kama anapumua, kuna jela, kuna hospitali. Kama hapumui, kuna mahali wanatupa watu. Mahali hapo panajulikana na mtu. Nitamuuliza huyo."

"Fundi, Kongo ni kubwa," Ambakisye akasema. "Na wewe umezeeka. Ngoja tumalize kazi, mimi nitakwenda nawe, naapa kwa kaburi la babu."

"Wewe una watoto."

"Na ukimkuta yu hai?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza.

Alikuwa anafuta masizi ya ndizi kwenye vidole, kimoja kimoja, hata kile kisicho na ncha.

"Nitamwambia arudi tu," akasema.

Kisha akainuka, akatushukuru kwa ndizi, akachukua kifurushi. Utingo wa lori la mbele alimwita, "Mzee, nafasi ipo, panda!" Akampungia mkono kwamba hapana. Akaishika barabara ya Tunduma kwa miguu, pembeni, upande wa majani, mwendo wa mtu anayekwenda shambani kwake. Ambakisye akaita, "Fundi!" Watu wa soko wakageuka. Yeye hakugeuka. Tulisimama mpaka vumbi la lori lilipomfunika, na lilipotulia barabara ilikuwa na ng'ombe tu. Hakurudi.